Kumfuata tajiri wa meli ya watumwa kwa karatasi zake, ukiwa Nairobi

Mwaka juzi nililetewa dai la kontena la parachichi. Lilitoka bandari ya Mombasa, likafika Ulaya nusu yake imeoza. Nikapitia karatasi: mashine ya baridi haikuzima hata saa moja, meli haikuchelewa, mlango haukufunguliwa njiani. Matunda yalichumwa yakiwa yamepevuka kupita kiasi, yakaoza kwa tabia yake yenyewe. Nikakataa kulipa. Sheria yetu ya bima ya bahari, Sura ya 390, hailazimishi kulipia shehena iliyoharibika kwa asili yake, na nimeitumia sheria hiyo kwa miaka 19 ofisini Upper Hill.

Jioni ile nyumbani South B, mpwa wangu anayesoma historia chuo kikuu alikuwa kwenye kochi na simu yake. "Shangazi," akasema, "hebu sikiliza hii, naona ni lugha ya kazini kwako." Akanifasiria maelezo ya John Weskett, mtaalamu wa bima wa London, ya mwaka 1781. Mtoa bima anabeba hatari ya watumwa kupotea, kutekwa au kufa kwa ajali isiyozuilika, lakini kifo cha kawaida hakimo. Na kifo cha kawaida, anaeleza Weskett, hakiishii kwenye maradhi. Ni pamoja na mateka anapojiua kwa kukata tamaa, jambo ambalo anasema hutokea mara nyingi. Ila wakiuawa au wakitoswa baharini ili kuzima uasi, hapo mtoa bima atalipa.

Ilikuwa kanuni yangu ya parachichi, neno kwa neno.

Mimi ni mtu wa Kisauni, kule Kengeleni. Bibi aliyemzaa babu yangu alizaliwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Alichojua kuhusu asili yake ni neno moja tu: Myao. Jahazi lililowabeba wazazi wake hakulijua. Nahodha hakumjua. Aliyetoa fedha hakumjua. Tangu usiku ule nimejifunza kuyatafuta mambo hayo matatu kwa vyombo vingine, vile vilivyoacha karatasi, na siku za Jumamosi nawaonyesha vijana wanaotaka. Wengi huanza na jina la mtumwa, na ndilo jina lililofutwa kwanza. Anza na fedha. Waliotoa fedha walitunza hesabu zao vizuri sana.

Chombo kimoja, safari moja

Fungua slavevoyages.org. Hailipishwi, na inafunguka hata kwenye simu, ingawa jedwali ni pana na macho yatauma. Ukipata kompyuta ni afadhali. Mna safari zaidi ya 36,000 za meli zilizovusha Waafrika Atlantiki. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa, na milioni 10.7 hivi ndio walioshuka wakiwa hai. Usikae sana kwenye takwimu hizo kubwa, zinapita kichwani upesi. Nenda kwenye kichujio cha mahali pa kupakia, uchague Afrika ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Zaidi ya watu 500,000 walitolewa upande huu wetu kwenda Atlantiki, wengi kupitia Msumbiji na Quelimane, wengine Kilwa na Unguja. Kijana wa Nairobi ameshazoea kuambiwa kwamba Atlantiki ilikuwa habari ya Ghana na Senegali. Akiliona jina la Kilwa kwenye jedwali lile huacha kuchezea simu.

Sasa chagua safari moja, moja tu. Andika kwenye daftari namba ya safari, jina la chombo, bendera, nahodha, wenye chombo, tani, idadi ya waliopakiwa, idadi ya waliofika, na jinsi safari ilivyokwisha. Namba ya safari usiisahau, maana majina ya meli hujirudia na utachanganya wafu wa chombo kimoja na cha kingine.

Mimi huwaanzisha watu na São José Paquete de Africa. Iliondoka Lisbon Aprili 1794, ikapakia watu zaidi ya 500 kisiwani Msumbiji, ikatoka Desemba kuelekea Maranhão nchini Brazili. Tarehe 27 Desemba 1794 ilipasuka kwenye miamba karibu na Cape Town, na watu zaidi ya 200 wakafa maji. Mwenye chombo alikuwa Antonio Perreira. Nahodha alikuwa nduguye, Manuel João Perreira. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Siku chache baadaye alitoa maelezo kwa kiapo. Mateka waliookolewa majini waliuzwa pale pale Cape.

Kiapo kile kilikaa kwenye nyaraka za Cape zaidi ya miaka 200, hadi kilipowasaidia watafiti kujua mabaki yaliyokuwa chini ya bahari ni ya chombo gani. Habari ilitangazwa mwaka 2015. Ushahidi mwingine ulikuwa vipande vya chuma. Shehena ya watu ni nyepesi na inasogea, kwa hiyo chombo kilihitaji chuma cha kukitia uzito, na chuma hicho kilikuwa kimeandikwa kwenye orodha ya shehena huko Lisbon. Nilipoona picha ya kimojawapo nilikaa nacho muda mrefu. Kilipimwa na kuandikwa. Watu waliokaa juu yake hawakuandikwa majina.

Aliyewahi kufanya kazi ya bima ataitambua karatasi ya Perreira mara moja. Hadi leo meli ikipigwa na dhoruba, nahodha akifika Kilindini huandikisha kiapo: bahari ilikuwa hivi, tulifanya vile, hatukuzembea. Anaweka kinga kwa tajiri wake kabla mwenye mzigo hajaanza kudai. Basi ukisoma kiapo cha nahodha yeyote, jiulize kwanza kinamkinga nani. Yaliyotokea utayauliza baadaye.

Safu ya wenye chombo isome kama mirathi

Pwani tukisema tajiri wa jahazi tunamaanisha aliyetoa mtaji, awe amepanda chombo au hajawahi kukanyaga ngalawa. Matajiri wa Liverpool walikuwa vivyo hivyo, tena waligawana meli kama tunavyogawana urithi: thumni, nusu ya thumni, hata robo ya thumni. Mwenye fedha ya kununua meli nzima aliona bora awe na thumni katika meli nane. Moja ikizama, saba zinarudi. Kabla hata hajakata bima, ameshajilinda.

Ndiyo maana safu hiyo mara nyingi ina majina manne, sita, au zaidi. Usilishike la kwanza ukaacha mengine. Chukua kila jina, lirudishe kwenye kichujio cha wenye chombo, uone linatokea katika safari ngapi na pamoja na nani. Chora mistari kwa kalamu. Baada ya saa moja utaona familia.

Fanya zoezi hilo kwa meli ya Zong. Ilikuwa meli ya Waholanzi iliyotekwa na Waingereza Februari 1781, ikanunuliwa kwa ajili ya kundi la matajiri wa Liverpool: William Gregson, wanawe John na James, pamoja na Edward Wilson, George Case na James Aspinall. Huyo Gregson mkubwa alikuwa meya wa Liverpool mwaka 1762, na kati ya 1747 na 1780 alikuwa na sehemu katika safari 50 za watumwa. Mtu akikuambia biashara hii ilikuwa ya manahodha wakatili na walevi, mwonyeshe mistari yako.

Mtoa bima mtafute kwa jina lake

Hapa watafiti wengi hukwama, kwa sababu wanatafuta kampuni. Mwaka 1720 Bunge la Uingereza lilizipa kampuni mbili tu ruhusa ya kutoa bima ya bahari, Royal Exchange Assurance na London Assurance. Kampuni nyingine zote zilikatazwa, ila mtu mmoja mmoja, kwa jina na mali yake, aliruhusiwa. Kwa hiyo bima nyingi ilitolewa na watu binafsi waliokutana katika nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd jijini London, iliyokuwapo tangu 1688 au kabla. Dalali alizungusha hati mezani. Kila aliyetaka kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini, na kiasi alichokubali. Hati moja ingeweza kuwa na majina mengi, na huyo aliyesaini pengine naye alikuwa na thumni katika meli ya mwenzake.

Hati zenyewe ni chache. Jengo la Royal Exchange, ambamo Lloyd's, yaani watoa bima wa ile nyumba ya kahawa, ilikuwa imehamia, liliungua Januari 1838 na karatasi nyingi zikateketea. Usikate tamaa. Kuna gazeti la Lloyd's lililotoa habari za meli kuondoka, kufika na kupotea, na kuna daftari la Lloyd's lililoorodhesha vyombo na wenyewe, tani na nahodha. Matoleo mengi ya zamani yamepigwa picha na yanasomeka mtandaoni bure. Majina ya watoa bima yatafute kwenye vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara na, zaidi ya yote, kwenye kesi. Watu hawa walishitakiana sana. Juni 2020 Lloyd's yenyewe iliomba radhi kwa sehemu yake katika biashara hiyo.

Hesabu ya Zong

Nataka ufanye hesabu hii kwa mkono wako, kwenye karatasi. Nimeifanya mara nyingi na bado inanitoa jasho.

Zong ilikuwa na tani 110. Iliondoka Accra tarehe 18 Agosti 1781 na watu 442. Gawa: watu wanne kwa kila tani. Mwaka 1788 Bunge lilipopitisha sheria ya Sir William Dolben, meli ya ukubwa huo iliruhusiwa watu watano kwa kila tani tatu, yaani 183. Kwa hiyo tangu nanga inang'olewa kulikuwa na watu zaidi ya 250 kupita kipimo ambacho hata Bunge lile, lililokubali biashara yenyewe, lilikuja kukiona kinatosha. Kipimo hiki kitumie kwa kila chombo kisichozidi tani 201: tani mara tano, gawa kwa tatu, linganisha. Kwa kila tani ya juu ya hapo ongeza mtu mmoja tu.

Bima iliyokatwa ilikuwa hadi pauni 8,000, na kila mtu alithaminiwa pauni 30.

Nahodha Luke Collingwood alikuwa daktari wa meli kabla ya safari hiyo. Walipokaribia Jamaica waliidhania kisiwa kingine, wakapitiliza. Ikasemwa maji hayatoshi. Tarehe 29 Novemba waliwatosa watu 54, wanawake na watoto, kupitia madirisha ya chumba cha nyuma. Tarehe 1 Desemba wanaume 42. Kisha wengine 36. Watu 10 walijirusha wenyewe. Tarehe 22 Desemba meli ilifika Black River, Jamaica, ikiwa na watu 208 na galoni 420 za maji.

Sasa toa: 442 kasoro 208 ni 234. Kati yao 132 walitoswa na 10 walijirusha. Waliobaki, 92, walifia humo melini.

Dai lilipelekwa kwa ajili ya waliotoswa. Hao 92 hawakudaiwa. Rudi kwa Weskett: kifo cha maradhi ni kifo cha kawaida, tajiri anakula hasara yake. Lakini shehena ikitoswa kwa dharura ili kuokoa chombo na shehena iliyobaki, hasara hiyo ni ya mtoa bima. Kutosa ni neno la sheria ya bahari tangu zamani, na kwenye hati zangu za leo limo. Mara 132 kwa pauni 30 ni pauni 3,960. Mtu mgonjwa asiyeweza kuuzwa Jamaica hakuwa na thamani akifia chumbani. Akitupwa akiwa hai, alikuwa pauni 30.

Watoa bima walikataa kulipa. Matajiri wakashitaki, na Machi 1783 baraza la wazee wa mahakama Guildhall likawapa ushindi. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, akampelekea habari Granville Sharp, Mwingereza aliyepinga utumwa, tarehe 19 Machi. Kesi ikarudi mbele ya Jaji Mansfield Mei mwaka huo, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mvua ilikuwa imenyesha kabla ya kundi la mwisho kutoswa. Mansfield alisema kisheria jambo hili ni kama farasi waliotoswa. Hata hivyo aliamuru kesi isikilizwe upya. Soma mwenendo wote kwa utulivu: hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Ni Gregson dhidi ya Gilbert, tajiri dhidi ya mtoa bima.

Katika ushahidi kuna mtu mmoja ambaye baada ya kutupwa alishika kamba, akapanda, akaingia tena ndani ya meli bila kuonekana. Jina lake halikuandikwa.

Vifo visomwe kimoja kimoja

Ukishaielewa Zong, chukua kitabu cha hesabu cha meli Sally ya Rhode Island, Marekani, ya ndugu wanne wa familia ya Brown. Chuo Kikuu cha Brown kimekiweka mtandaoni, na mwandiko wa nahodha Esek Hopkins unasomeka ukizoea. Alinunua watu 196. Angalau 109 walikufa. Anawahesabu kwa kuwapa namba. Mwanamke mmoja alijinyonga kati ya sitaha. Tarehe 28 Agosti 1765 mateka waliinuka, mabaharia wakawapiga risasi, wanane wakafa.

Weka kanuni za London kando ya daftari hilo. Mwanamke aliyejinyonga: kifo cha kawaida, halipwi. Wale wanane: uasi, wanalipwa. Na aliyejeruhiwa akafa baada ya siku kadhaa? Na aliyekataa kula baada ya uasi kushindwa? Maswali hayo hayo yalifika mbele ya Mansfield mwaka 1785, kuhusu meli ya Bristol. Ilikubaliwa kwamba waliouawa kwa silaha na waliokufa kwa majeraha walipwe, lakini waliokunywa maji ya bahari, waliokataa chakula na waliokufa kwa huzuni ya kushindwa wasilipwe. Mahakama ilikaa ikatofautisha huzuni na jeraha. Mwandishi wa kesi anasema huzuni ya kushindwa kwa sababu kulikuwa na jambo walilolitaka, wakalipigania. Karatasi za bima ni kati ya mahali pachache ambapo uasi umeandikwa kwa uangalifu, kwa kuwa ulikuwa na bei. Kwa hiyo kwenye jedwali usiipite safu ya upinzani.

Fidia ya mwaka 1833 nitaitaja kwa ufupi. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa, na madai yale, 46,000 hivi, yanatafutika kwa jina kwenye hifadhidata ya chuo cha UCL cha London. Ukiwa na jina la tajiri, mtafute yeye na warithi wake huko. Mauritius imo, na Mauritius inatuhusu.

Upande wetu

Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo, kila mmoja. Kuanzia hapo fuata meli za Wafaransa hadi Mauritius na Réunion. Lakini jahazi la Kilwa kwenda Unguja usitarajie kulikuta kwenye lile jedwali la Atlantiki. Hapa hatari ilibebwa kwa mkopo: tajiri wa Unguja anamkopesha mwenye msafara nguo na shanga, naye anadaiwa hata akirudi mikono mitupu. Ukimtafuta aliyefaidi, tazama forodha. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na mateka walilipiwa ushuru kwa kichwa, hadi soko lilipofungwa kwa mkataba wa 5 Juni 1873.

Hapa mjini, panda ngazi za Nyaraka za Taifa, jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Nenda asubuhi mapema, siku ya kazi, na kitambulisho, ada ndogo ya msomaji, penseli na sweta. Omba fahirisi za Mkoa wa Pwani, uangalie miaka ya baada ya 1907, ambapo sheria ilifuta utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya na kuwaruhusu wenye watumwa kudai fidia mahakamani. Tafuta hilo neno, fidia. Mwambie mhudumu unachotafuta kwa maneno ya kawaida. Wale wazee wa pale wanajua faili kuliko fahirisi. Na usiandike jina la familia ya mtu aliye hai ukalirusha mtandaoni. Wajukuu wa mwenye watumwa na wajukuu wa mtumwa huko kwetu wameoana, wanazikana.

Jedwali ninalotumia na mpwa wangu lina safu 11. Kumi nimekwisha kuzitaja. Ya 11 aliiongeza yeye: alichofanya mtu asiye na jina. Kwenye mstari wa Sally ameandika: waliinuka, 28 Agosti. Kwenye mstari wa Zong: alirudi kwa kamba. São José bado tunaitafutia.